Mkamwana Atangulie

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili mkija kuisikia kwa wengine isiwe habari mpya. Mimi, niliyelipwa mshahara ili kuwatoa watu kwenye vifungo vya madeni, niliwahi kufungwa na deni. Na kilichonifunga ni blanketi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mkaguzi msaidizi katika ofisi ya kazi pale Mbeya. Msidhani hicho ni cheo. Mkaguzi msaidizi ni mtu anayebeba faili la mkaguzi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilitumwa peke yangu kwenye shamba moja la tumbaku upande wa Chunya. Mwenye shamba, wafanyakazi walimwita Bwana Mizani, kwa sababu mizani yake ya kupimia tumbaku ilikuwa na tabia ya pekee: mzigo wa mtu ukipandishwa juu yake, unapungua. Landrova ya ofisi ilinishusha, ikanitimulia vumbi, ikaahidi kunifuata baada ya siku tatu.

Chunya mchana ni jua tupu. Jioni ya mwezi wa saba ni jambo lingine, na mimi nilikuwa nimefungasha kalamu nne na sikufungasha shuka. Bwana Mizani akaniona ninatetemeka.

"Ndugu mkaguzi, mbona unajitesa? Chukua blanketi hapo dukani, utalipa baadaye. Weka sahihi tu hapa."

Nikaweka. Nina kidato cha nne, wajukuu zangu, tena nilikuwa mzuri wa Kiswahili darasani, na nikaweka sahihi mahali ambapo sijasoma. Asubuhi nikakuta chai imeandikwa. Maji ya kuoga yameandikwa. Kiti nilichokalia hakikuandikwa, lakini niliona anakitazama.

Siku ya tatu Landrova haikuja. Springi zilikatika huko njiani. Nikamwuliza Bwana Mizani kama naweza kuondoka kwa miguu hadi Chunya mjini.

"Nani amekuzuia, ndugu yangu? Njia hiyo hapo. Ila kanuni ya shamba, mwenye jina kwenye daftari hapiti kwenye mti mpaka alipe. Hata angekuwa mama yangu mzazi. Lakini usihuzunike, kazi ipo."

Huo mti aliousema ni gogo refu lililolazwa kukatiza barabara pekee ya kutokea shambani. Mfukoni nilikuwa na nauli ya basi ya kurudi kwangu Mlandege, Iringa, mwisho wa mwezi. Ningeweza kuitoa nikawa huru palepale. Sikuitoa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nauli ya kurudi kwangu siigusi hata kwa ajili ya uhuru wangu. Basi nikakaa siku nne kwenye banda la kupangia tumbaku, nikiwa na tai shingoni, natenganisha majani ya daraja la kwanza na ya daraja la pili, huku ninadaiwa uji.

Aliyekuja kunitoa alikuwa Mzee Kihwele, mkaguzi mkuu, Mhehe mwenzangu, mtu wa maneno machache kama ya simu ya posta. Alisimama mlangoni mwa banda, akaniangalia mimi na rundo langu la majani.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee."

"Umeongezeka rangi."

Akalipa blanketi kwa fedha yake. Tulipokaribia Chunya mjini ndipo akauliza, "Kwenye ripoti utaandika nini?"

"Sijui, mzee."

"Andika kwamba ulifanya uchunguzi wa kina."

Na kweli nilikuwa nimeufanya, maana nilichojifunza ndani ya lile banda nisingekijua kwa kukaa ofisini miaka kumi. Nilikuwa nadhani watu wanaozuiwa kwenye mashamba wanazuiwa kwa bunduki na mbwa. Pale hapakuwa na mbwa hata mmoja. Palikuwa na unga. Mtu anakuja na familia yake, anapewa unga wa msimu, jembe, mbolea, anaweka dole gumba. Msimu ukiisha tumbaku inapandishwa kwenye mizani, inapungua, na hesabu inasema bado anadaiwa. Kwa hiyo anapewa unga wa msimu mwingine, anaweka dole gumba tena.

Niliyekaa naye mkeka mmoja alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, Mzee Asajile. Alikuwa amekuja pale na mwanawe Gwamaka, mke wa Gwamaka aitwaye Tusekile, na wajukuu wawili wa kike. Walikuja kwa msimu mmoja. Huo ulikuwa wa sita. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, na kila nilipokosea daraja alichukua jani langu, akalihamisha bila kunitukana, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

"Wewe mwanangu umesoma?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na huyu amekukamata kwa blanketi?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akaniambia jambo lililokuwa linamkaa kifuani. Nguvu zimemwisha. Bwana Mizani amekwisha kumwambia kwamba msimu ujao deni litahamia kwa Gwamaka, na ili Gwamaka asije akalitoroka, mjukuu mkubwa, Atupele, atahamia nyumbani kwa Bwana Mizani, "asaidiesaidie jikoni." Atupele alikuwa na miaka saba. Siku ya kugawa unga mpya na kuweka dole gumba ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane.

"Ikipita Jumamosi hiyo," alisema Mzee Asajile, "mtoto si wetu tena."

Sasa hapo ndipo kuna kosa langu la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la blanketi. Katika zile siku nne niliona jambo la ajabu. Tusekile, kila alipokuja upande wa banda letu na ndoo yake, alikuwa ghafla anageuka, anazunguka nyuma ya mabani, yale majengo marefu ya kukaushia tumbaku kwa moto, anapita kwenye majani na miiba kwenda kisimani, wakati njia nzuri ilikuwa mbele yetu. Siku moja tulikutana naye uso kwa uso kwenye kona, mimi na Mzee Asajile nyuma yangu. Alitupa ndoo akakimbia. Mimi, kwa huruma ya kazi, nikamfukuza.

"Dada, usiogope! Mimi ni serikali!"

Vijana, hakuna maneno yanayoongeza mbio za mtu kama hayo. Nilirudi natweta, nikaandika kwenye daftari langu: *Mwanamke mmoja anaishi kwa hofu kubwa, chanzo hakijulikani.* Mzee Asajile muda wote alikuwa ameangalia paa la banda. Ningemwuliza. Sikumwuliza. Nilijua kuandika, na mtu akishajua kuandika huona kuuliza ni kujidhalilisha.

Kabla sijaendelea, niwape kidogo alivyonifundisha Mzee Kihwele, maana wengine mnasomea mambo haya vyuoni na sijui kama mnaambiwa. Alisema usianze na daftari la mwenye shamba, maana limeandikwa likusubiri. Anza na jiko. Mama akikwambia unga uliisha siku ya kumi na mbili na daftari linasema ulikuwa wa siku thelathini, umeshapata kesi. Alisema usile kwa mwenye shamba, hili nililipata kwa njia ngumu. Na alikuwa na paketi ya kilo moja ya sukari, haijafunguliwa, anatembea nayo kila mahali. Akifika kwenye mizani anaiweka juu yake kama mtu anayepumzisha mkono. Mizani ikisema robo tatu, anatikisa kichwa, anairudisha kwenye mkoba. Paketi hiyohiyo miaka mingi, na sukari wakati ule ilikuwa adimu. Mkewe aliitazama paketi ile kwa uchungu kila asubuhi. Baadaye alinirithisha mimi. Wiki ya kwanza tu nikamtuhumu muuza duka mmoja wa Mbalizi, mbele ya wateja wake, kwamba mizani yake ni ya wizi. Kumbe sisimizi walikuwa wametoboa paketi kwa chini. Yule muuza duka alinisindikiza hadi kituoni kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Turudi Chunya. Mzee Kihwele aliandika barua, fupi, yenye mhuri. Ilisema mkataba wa familia ya Mzee Asajile umekwisha, wako huru kuondoka na vyombo vyao, na mwenye madai yoyote ayapeleke mahakamani. Akaniambia nikariri sentensi moja tu: "Deni linadaiwa mahakamani, halidaiwi njiani." Tulijua kila Ijumaa Bwana Mizani huenda Mbalizi na lori lake kuchukua magunia, anarudi alasiri. Kwa hiyo tukapanga Ijumaa ile ya mwisho, kesho yake ndiyo siku ya dole gumba. Mzee Kihwele alikuwa na kesi Mbeya mjini siku hiyo.

"Nenda wewe," alisema. "Unawafahamu. Na wewe wanakufahamu, bahati mbaya."

Nilipanga kila kitu. Barua nakala tatu. Mafuta ya kibali, yanayotosha kwenda na kurudi mara moja, hayazidi kijiko. Dereva wetu Sanga, Mkinga wa Makete, alinipigia saluti ya mzaha. Hata shuka safari hii nilibeba. Tuliingia shambani saa tano asubuhi, na wale vijana wawili Wasafwa wanaolinda mti walitufungulia, kwa sababu kuingia hakukuwa na kanuni. Pembeni yao, kwenye kigoda, alikaa nyapara wa shamba, Mzee Ambwene, mwenye kofia ya sufu hata juani. Alitutazama tukiingia kama mtu anayetazama samaki akiingia kwenye mgono.

Tukapakia. Mzee Asajile akapanda nyuma, akakaa na furushi lake la nguo mapajani, macho yamemjaa maji. Atupele akapanda. Nikaita, "Haya, mama Atupele! Twende!"

Tusekile alikuwa nyuma ya bani, namwona upindo wa kitenge tu. Gwamaka akawa anaangalia ardhi, anachora kwa kidole cha mguu.

"Gwamaka, mwambie mkeo apande."

"Hawezi kupanda, ndugu mkaguzi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Baba yumo."

"Najua baba yumo, mimi ndiye niliyempandisha. Si tunaondoka naye?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa baba yumo."

Sanga, pale kwenye usukani, akaweka kichwa chake juu ya mikono yake, nikaona mabega yanamtikisika. "Mkaguzi," akasema, "hawa ni Wanyakyusa wa zamani. Mkamwana hamwoni baba mkwe, baba mkwe hamwoni mkamwana. Hawapiti njia moja. Gari moja watakaaje?"

Ndipo ile ndoo iliyotupwa ikaniingia akilini. Hakuwa ananikimbia mimi. Hakuwa na hofu kubwa ya chanzo kisichojulikana. Alikuwa anamheshimu mkwewe kama alivyofundishwa, miaka sita, katika shamba ambalo hata choo kilikuwa kimoja, na mimi nikamfukuza kwenye miiba kwa niaba ya serikali. Kwetu Iringa mkamwana anapiga goti, anamsalimia baba mkwe, yamekwisha. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wengine duniani wenye wakwe.

Nikaanza kuwa mhandisi. Nikasema tutundike turubai katikati ya gari. Gwamaka akasema baba atakohoa, na mkewe atasikia. Nikasema basi Tusekile akae mbele na Sanga. Gwamaka akasema baba atamwona kisogo. Nikasema basi baba akae mbele. Sanga akasema kuna kioo cha kuangalia nyuma, ila kama ofisi italipa yuko tayari kukivunja. Mwisho nikasema, kwa unyenyekevu wote, je, Mzee Asajile anaweza kufunikwa shuka yangu?

Mzee alinigeukia. "Mimi? Nifunikwe kama mbuzi wa wizi?"

Nikaliacha.

"Twende safari mbili," nikasema.

"Mafuta," akasema Sanga.

Saa saba ilikuwa imepita. Nikaamua niende kwanza kwenye mti nihakikishe njia, mengine tutayajua mbele. Nikamsomea Mzee Ambwene barua yote, pamoja na mhuri. Alisikiliza kwa adabu sana.

"Mimi kusoma sijui," akasema.

"Ndiyo maana nimekusomea, mzee."

"Sasa nitajuaje kama ulichosoma ndicho kilichoandikwa?"

"Deni linadaiwa mahakamani, halidaiwi njiani!" nikasema, kwa ile sauti niliyoifanyia mazoezi njiani.

Wale vijana Wasafwa wakatazamana. Mmoja akasema, "Anasema vizuri."

"Bosi akirudi alasiri utamsemea yeye," akasema Mzee Ambwene, akajirekebisha kwenye kigoda. "Mti haufunguliwi."

Nilirudi kwenye mabani. Nikamweleza Gwamaka. Yeye akaniambia jambo ambalo, kama ningekuwa na tabia ya kuuliza, ningelijua tangu mwezi wa saba: Mzee Ambwene ni mtoto wa baba mdogo wa Mzee Asajile. Ndugu wa damu. Ndiye aliyewafuata Tukuyu akawaambia kuna shamba zuri Chunya, unga bure.

"Ndugu yenu ndiye anawafungia njia?"

"Ndiyo. Na yeye jina lake limo kwenye daftari."

Nilikaa chini juu ya jiwe. Kweli nilikaa. Nilianza kutunga kichwani ripoti ya kueleza kwa nini nimeshindwa, na ilikuwa inakuja vizuri. Hapo Atupele akashuka garini akakimbia kwa mama yake nyuma ya bani, akarudi, akasimama mbele yangu na vidole mdomoni.

"Mama anauliza, pale kwenye mti amekaa nani?"

"Mwambie ni babu Ambwene."

Akaenda. Akarudi.

"Mama anasema, mumweke baba mkwe mbali. Yeye anatangulia kwa miguu."

Gwamaka aliinua kichwa. Niliona uso wake ukibadilika polepole, kisha akashika tumbo, akacheka bila sauti. Mimi na kidato changu cha nne nilikuwa bado sijaelewa. Sanga akanieleza kwa kunipiga begani: "Ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe."

Tusekile akatoka nyuma ya bani. Alikuwa amejifunika kitenge kuanzia kichwani hadi kiunoni, hata sikuona pua. Mzigo wa nguo kichwani juu ya kitenge, mtoto mdogo mgongoni. Akashika katikati ya barabara. Hakukimbia. Alitembea kama watu wanaokwenda kanisani. Atupele akatangulia mbele yake anatoa onyo, kwa heshima yote, kama inavyotakiwa: "Mkamwana anapita! Mkamwana anapita!"

Kule kwenye mti Mzee Ambwene akasimama juu ya kigoda kwa mshtuko.

"Mwambieni apite porini!" akapiga kelele, huku amejiziba macho kwa kofia.

Atupele akasimama, akamsikiliza mama yake, akapaza sauti: "Mama anasema ana mtoto mgongoni, na porini kuna upupu!"

"Mzuieni!" Mzee Ambwene akawaambia wale vijana.

"Tumzuie sisi?" akasema mmoja. "Mkwe ni wako, mzee. Sisi hatuhusiki."

Na Tusekile alikuwa hajavunja kanuni hata moja. Amejifunika, haoni mtu, ametuma onyo. Aliyekuwa anaona ni Mzee Ambwene. Zilipobaki hatua kama thelathini, mzee wa watu hakuwa na njia nyingine. Akaruka mtaro, akazama porini, kofia ikabaki kwenye mwiba. Tusekile akafika kwenye mti. Akashusha mzigo, akakaa juu ya mzigo, mgongo wake ameuelekeza porini, akaanza kumnyonyesha mtoto.

Dakika zikapita. Pori likaanza kujikuna.

Ninaposema upupu mwezi wa nane, watu wa Chunya wananielewa. Yale maganda yakikauka, ukiyagusa tu umekwisha. Tulisikia kwanza matawi, halafu pumzi, halafu maneno ya Kinyakyusa ambayo Gwamaka alikataa kunitafsiria. Tusekile akamhamishia mtoto ziwa la pili.

"Fungueni!" sauti ikatoka porini. "Fungueni apite! Apite haraka! Wote wapite!"

"Wote, mzee?" yule kijana Msafwa akauliza, na nilimpenda kwa kuuliza. "Pamoja na kaka yako?"

"Woteee!"

Wakanyanyua gogo. Sanga akapeleka gari mbele, Tusekile akapanda na Gwamaka na watoto. Mzee Asajile tulikuwa tumeshamshusha. Alisimama mbali nyuma ya bani, ameugeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, akisubiri kuambiwa kwamba njia ni nyeupe. Mafuta yalitosha kuwapeleka wao hadi kituo cha basi Chunya mjini. Sisi wawili tungefuata kwa miguu. Sufuria zilikuwa hazijaingia kwenye gari, na Mzee Asajile alisema haachi sufuria ya marehemu mkewe kwa Bwana Mizani. Basi nikajitwisha sufuria tatu, moja ndani ya nyingine, mdomo umegeukia chini, zimenifunika hadi kwenye nyusi. Yeye akabeba furushi lake. Tukapita kwenye mti. Wale vijana wakatuaga vizuri.

Tulikuwa tumekwenda kama saa nzima nilipoona vumbi mbele. Lori. Bwana Mizani anarudi kutoka Mbalizi, amekaa mbele na dereva, magunia nyuma. Barabara ni hiyo moja, pori pande zote, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari una lengelenge. Mzee Asajile akanishika mkono. Mtu aliyekaa misimu sita haamini barua.

"Mwanangu, tukimbie?"

"Siwezi, baba. Sufuria zitalia."

Tukaendelea kutembea. Yeye akainua furushi lake begani likamfunika uso upande wa barabara. Mimi nikainamisha kichwa, sufuria zikashuka hadi puani. Kifuani nilikuwa na nakala tatu za barua, na ile sentensi yangu ya mahakamani ilikuwa imekimbia yote, limebaki neno "deni." Lori likapunguza mwendo. Nikasikia sauti ya Bwana Mizani juu yangu.

"Wewe wa sufuria! Pisha barabara, unataka kufa?"

Nikapisha. Lori likapita, vumbi likatufunika, likaenda. Hakunitambua. Ni nani atakayemtafuta mkaguzi wa kazi chini ya sufuria tatu?

"Ndaga fijo," akasema Mzee Asajile kwenye vumbi, yaani ahsante sana, na sijui alikuwa anamwambia nani.

Walirudi Tukuyu kwa mabasi mawili tofauti, Mzee kwa la asubuhi, wengine kwa la mchana. Bwana Mizani hakwenda mahakamani. Angetakiwa aende na mizani yake. Nasikia wiki ile familia nyingine mbili ziliupita ule mti kwa miguu tu, maana watu walikwisha kuona kwamba unanyanyuka. Atupele alianza darasa la kwanza mwaka uliofuata. Babu yake alimwandikisha, mama yake akampeleka, kwa siku tofauti. Na ofisini kwetu, kwenye fomu ya safari za namna ile, Mzee Kihwele aliongeza swali kwa mkono wake: *Nani hapandi gari moja na nani?* Swali hilo lilituokoa mara nyingi. Ninyi mtakuja na fomu zenu nzuri zaidi. Wekeni mahali pa swali hilo, na mwulizeni mama wa jikoni kwanza.

Mwisho wa mwezi nikapanda basi nikarudi kwangu Mlandege, miguu ina bandeji, moyo umejaa. Jirani yetu, Mama Tumsifu, alikuwa ukumbini kwake anapukuchua maharage. Nikasogeza kigoda nikamsimulia yote: barua, mhuri, mipango, ushujaa wa kumpita Bwana Mizani barabarani. Nilisimulia kwa muda mrefu, na naungama kwamba palepale niliongeza sauti yangu kwenye mti ikawa nzito kidogo. Hakunikatiza hata mara moja. Alimaliza ungo wa maharage, akapepeta, akapuliza maganda, ndipo akaniangalia.

"Kwa hiyo aliyewatoa ni yule mkamwana," akasema. "Wewe ulibeba sufuria."